Shangazi, kilo nikizipunguza zinarudi na nyongeza

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Nina kilo 92, urefu wangu sentimita 162. Nilipoolewa nilikuwa na kilo 60. Huu unene haukuja kwa mkupuo. Umeingia kidogo kidogo, mimba ya kwanza, mimba ya pili, kisha kazi hii.

Nimejaribu kila ninachoambiwa. Nilikunywa juisi tupu wiki nzima nikapungua kilo 4, nikafurahi mpaka nikanunua nguo, na mwezi haujaisha kilo zote zikarudi na nyingine juu. Nikaacha wali na mkate kabisa, nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Nikajiandikisha jimu, siku ya kwanza mwalimu akanikimbiza na kunirusharusha, kesho yake goti limevimba. Sikurudi tena. Sasa hivi mwenzangu kazini amenipa majani ya chai ya kupunguza tumbo. Kweli asubuhi tumbo linakuwa bapa, lakini nashinda chooni.

Siku yangu iko hivi. Asubuhi nakunywa chai ya haraka haraka, sukari vijiko vitatu. Kazini nakunywa chai nyingine tatu na biskuti. Mchana mara nyingi sili, najinyima ili nipungue. Jioni napika huku naonja, watoto wakibakiza namalizia nimesimama pale pale jikoni maana sipendi chakula kitupwe, halafu saa tatu usiku nakaa na mume wangu tunakula, na sahani yangu imejaa. Baada ya hapo najichukia. Nalala saa sita, saa kumi na moja niko macho.

Mwezi uliopita nilipima presha ikasoma 144 kwa 92, na nilipopima tena haikuwa imeshuka. Daktari akasema nipunguze uzito, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Basi. Nianzie wapi, hakusema. Mume wangu si mtu mbaya, ila nikimwambia naanza dayati anacheka na kusema, "Tena?" Neno hilo linanichoma.

Miezi minne ijayo kuna harusi ya mdogo wangu. Nataka niwe nimerudi kilo 60. Inawezekana? Au ni mimi tu sina nidhamu?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la nidhamu, kwa sababu ndilo linalokuumiza na ndilo lisilo la kweli. Mtu anayefanya kazi tangu asubuhi na chai tu tumboni, akarudi nyumbani akapika na kulisha watoto kabla yake, hawezi kuambiwa hana nidhamu. Ulichonacho wewe ni njaa. Unaijenga mchana kutwa kwa makusudi, halafu usiku inakuja kudai chake, na wewe unaiita udhaifu wa tabia.

Kuna utafiti wa zamani ambao ningependa kila anayejinyima chakula aujue. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36, wenye afya njema na waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Walikuwa watu wenye msimamo. Waligoma kwenda vitani kwa ajili ya imani zao. Hata hivyo, baada ya muda hawakuwa na mazungumzo mengine ila chakula. Walikiota usiku. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanyonge, wepesi wa hasira, na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula na kula bila kushiba. Uliponiambia uliacha wali na mkate ukawa mkali kwa watoto, niliwakumbuka hao. Mwili unaonyimwa chakula ghafla hujihami: unaongeza njaa na kubana matumizi yake. Kwa hiyo kila ulipoanza kwa kujikaza zaidi, ndivyo ulivyojitengenezea kurudi nyuma kukubwa zaidi.

Na zile kilo 4 za juisi, mwanangu, nyingi hazikuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha kula, akiba inaisha na maji yanatoka nayo, utumbo nao unabaki mtupu, na mizani inashuka kwa kasi ya kufurahisha. Siku utakayokula mlo wa kawaida, maji yanarudi mahali pake. Ulidhani umeharibu kumbe mafuta yenyewe yaliguswa kidogo tu.

Yale majani ya chai yaache leo. Chai nyingi za namna hiyo zina dawa ya kuharisha, na dawa ya kuharisha hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Maana yake kalori zimeshaingia mwilini. Kinachotoka ni maji na madini, yakiwemo madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mtu ambaye presha yake imeanza kupanda hana sababu ya kuuchezea moyo wake hivyo.

Sasa nikujibu swali lako. Kilo 60 kwa miezi minne, hapana. Ni kilo 32, yaani karibu kilo 2 kila wiki, na huwezi kufika huko bila kujinyima kule kule kulikokuangusha. Mwendo unaokubalika kwa watu wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na mimi nakuomba uchukue ule wa chini. Nusu kilo kwa wiki 17 ni kilo 8 na kitu. Najua hapo umevunjika moyo. Lakini soma kidogo tu mbele kabla hujaitupa barua hii.

Watu wenye uzito kama wako huanza kuona faida mwilini wakipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wao. Kwako ni kati ya kilo 4.6 na 9.2. Presha hushuka, sukari hutulia, usingizi huwa mzuri zaidi. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, na matokeo yalitoka mwaka 2002. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa ya kutembea tu. Katika kundi hilo wagonjwa wapya wa kisukari walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 yako ni kilo 6 na nusu hivi. Hiyo unaweza kuifikia kabla ya harusi. Goti lako pia litakushukuru: utafiti kwa watu wazima wenye maumivu ya goti ulionyesha kwamba kila kilo 1 iliyopungua ilipunguza mzigo wa kilo 4 hivi kwenye goti katika kila hatua.

Kwa hiyo ile kilo 60 iweke pembeni. Sikuambii uikane, ila isiwe ndiyo inayokuamulia leo ule nini.

Ninachotaka ushike kuliko vyote ni hiki: mpango wako upime kwa wiki yako mbaya. Siku zote umekuwa ukipanga kwa wiki nzuri, ukiwa na hamasa, watoto wazima, kazi imetulia. Kisha mtoto anapata homa, bosi anataka ripoti, na mpango wote unaanguka kwa sababu haukuwa na nafasi ya homa wala ripoti. Kabla hujakubali jambo lolote, jiulize: hili nitaliweza wiki ile ambayo mtoto anaumwa? Kama huwezi, lipunguze mpaka uliweze. Hata likionekana dogo kiasi cha kukuaibisha, hilo ndilo lako.

Kwa siku ulivyoielezea, mimi ningeanza na mlo wa mchana. Sisemi upunguze kitu, nasema ule. Kila siku ya kazi, mlo kamili, wenye kitu cha protini kama maharage, mayai, samaki au kuku, mboga za kutosha, na wanga kiasi, hata ukiwa ni huo wali ulioufukuza. Ubebe kutoka nyumbani ukiweza, sehemu ya kile ulichopika jana yake. Fanya hilo peke yake kwa wiki mbili kabla hujagusa kingine. Utaona mwenyewe kwamba ukifika jikoni jioni, mkono hauendi kwenye sufuria kama zamani. Protini na nyuzinyuzi za mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa hukaa tumboni muda mrefu, na hicho ndicho kinachokuzuia kuonja.

Baada ya hapo tazama chai. Umesema vijiko vitatu, asubuhi kikombe kimoja na kazini vitatu. Hivyo ni vijiko 12 kwa siku. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi za sukari, kwa hiyo unakunywa gramu 48 kabla hujahesabu biskuti. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chai yako peke yake imekaribia kumaliza fungu lote. Lakini usikurupuke ukaitoa yote kesho. Shuka mpaka vijiko viwili, ulimi uzoee, halafu kimoja. Ulimi huzoea kweli. Baada ya muda chai ya zamani utaiona kama sharubati. Biskuti usiziweke kwenye droo ya meza yako. Kinachokaa karibu na mkono huliwa, na hilo ni kwa kila mtu. Vyakula vya viwandani vya namna hiyo pia hutufanya tule zaidi bila kujua. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wakawapa wiki mbili vyakula vya viwandani na wiki mbili vyakula vya kupikwa kawaida, wakaambiwa kila mtu ale atakavyo. Kwenye vile vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku.

Jioni sasa. Usijipikie chakula chako na watu chakula chao. Hutaweza, utachoka, na utajiona umefungwa. Pikeni kimoja, ila sahani yako ipange hivi: nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga. Mafuta usimimine kutoka kwenye chupa. Chukua kijiko kikubwa, upime. Kijiko kimoja tu kina kalori 120 hivi, na ukimimina kwa macho ni rahisi kumwaga vitatu vinne bila kutambua. Na yale makombo ya watoto, weka chombo chenye kifuniko pale pale kwenye meza ya jikoni. Mtoto akimaliza, kilichobaki kinaingia humo kabla hujapata wakati wa kufikiri, kisha kinaingia kwenye friji. Hakitupwi, na wewe huligeuzi tumbo lako kuwa ghala lake. Wapunguzie pia mnapopakua. Mtoto akitaka ataomba tena.

Mazoezi nayo nitakuambia ukweli ambao matangazo hayasemi. Kwa kupunguza kilo peke yake, mazoezi hufanya kidogo kuliko tunavyodhani. Kwa uzito wako, kutembea kwa kasi nusu saa kunatumia kama kalori 150 au zaidi kidogo, na soda moja ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200. Huwezi kushindana na sahani kwa miguu. Lakini mazoezi hushusha presha, hutunza misuli ili unachopoteza kiwe mafuta, hukupa usingizi, na watu waliofaulu kuzuia kilo zisirudi mara nyingi ni wale walioendelea kutembeza miili yao. Wewe unayafanya kwa ajili ya moyo na kwa ajili ya mwaka ujao, si kwa ajili ya mizani ya Jumamosi.

Lile goti lilivimba kwa sababu ulianzishwa mahali pa kumalizia. Anza na dakika 10 za kutembea baada ya mlo wa mchana, viatu vyenye soli laini, mwendo wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Wiki ya pili au ya tatu ongeza nyingine 10 jioni. Polepole utafika dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikirudia katika mwongozo wake wa 2020, na hazihitaji kufanywa kwa mkupuo. Mwongozo huo unataka pia mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwako yaanze na kiti: kaa, simama bila kushika popote, kaa taratibu, mara 8 au 10, pumzika, rudia. Halafu simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume. Ni dakika chache, unaweza kuyafanya maji ya kupikia yakichemka. Goti likiuma kwenye kiti, tafuta kiti kirefu zaidi. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida, acha, na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Usingizi wa saa tano ni mchache mno. Ukilala kidogo njaa huongezeka na vitamu huvutia zaidi. Ongeza hata nusu saa.

Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kula. Karibu na hedhi mwili hushika maji na unaweza kuonekana umeongezeka kilo moja au mbili; usikate tamaa kwa maji. Chukua pia futi ya fundi, pima kiuno juu ya kitovu kila mwezi. Kuna wiki mizani itagoma na futi itasema kweli.

Utaruka siku, hilo lijue mapema. Watafiti wa London waliofuatilia watu wakijenga mazoea mapya walikuta ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuwa la kujiendea lenyewe, wengine siku 18, wengine walikadiriwa kufika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu safari yao. Kinachoharibu ni lile wazo kwamba ukishakula kipande cha keki basi siku imeshaharibika na wiki nayo, tuonane Jumatatu. Mlo unaofuata ndio mwanzo wako mpya, hata kama ni saa mbili baadaye.

Mume wako mwache acheke mara ya mwisho, kisha umwombe msaada unaoshikika. Usimwambie, "Naanza dayati." Mwonyeshe ile karatasi ya presha, 144 kwa 92, umwambie, "Nahitaji ukae na watoto nusu saa, siku tatu kwa wiki, nitembee. Na nakuomba neno 'tena' tuliache." Wanaume wengi hawajui la kufanya mbele ya dayati, lakini ukiwapa kazi wanaifanya. Akitaka kutembea nawe, watoto nao waje.

Mwisho ni daktari. Usisubiri miezi mitatu ukiwa kimya. Presha iendelee kupimwa. Ikipanda zaidi huenda ukahitaji dawa wakati unapunguza uzito, na kunywa dawa si kushindwa. Mwombe akupime sukari na tezi ya shingo. Mtajie kila dawa unayotumia, ikiwemo njia ya uzazi wa mpango, kwa sababu baadhi ya sindano na vidonge huongeza uzito. Kwa urefu na kilo zako, uwiano wa uzito na urefu, ule madaktari wanaouita BMI, unafika 35, na mtu wa kiwango hicho mwenye presha ana haki ya kuuliza kuhusu tiba za hospitali za kupunguza uzito, kama atazihitaji huko mbele. Uliza bila aibu. Umwulize pia kama kuna mtaalamu wa lishe anayeweza kukaa nawe mkapanga. Na yale majani ya chai beba pakiti yake, umwonyeshe umekuwa ukinywa nini na kwa muda gani.

Shangazi yako